Mti Uliokuja Kuuokoa Msitu: Uhakiki wa Fikra za Kupanda Miti Kandokando ya Mito

Katika taarifa za kazi zinazosomwa vikaoni kuna takwimu moja isiyokosekana: idadi ya miche iliyopandwa. Wilaya hii imepanda laki tano, ile milioni moja na nusu, na aliyepanda mingi hupigiwa makofi. Ni mara chache kusikia swali la pili: umepandwa mti gani, mahali gani, kwa maji ya nani, na katika ardhi ya nani. Makala hii inakusudia kuihakiki tabia hiyo ya kufikiri. Tabia hiyo si ya makarani wa takwimu peke yao. Imo pia katika mipango mikubwa. Mwaka 2018 Tanzania iliahidi, katika mpango wa nchi za Afrika wa kurejesha misitu, kurudishia uoto hekta milioni 5.2 ifikapo 2030, na Kenya imeahidi milioni 5.1. Kazi hiyo haitazikwepa kingo za mito. Makada wataitwa kuhamasisha umma, na haifai kada ahamasishe jambo asilolichambua.

Mfano tutakaoutumia ni wa Mto Tana, Kenya. Tumeuchagua kwa sababu umeiva: miaka 40 imepita na matokeo yake yanaonekana kwa macho. Tena hakuna mtu katika vikao vyetu atakayenuna akidhani anasemwa yeye. Nyumbani tutarudi baadaye.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote ya Kenya, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hadi Bahari ya Hindi. Ukishapita Garissa unaingia nchi kavu, ambako mvua haitoshi kulima bila msaada wa mto. Hapo msitu ni utepe tu unaoshikamana na maji, mahali pengine upana wake ni mita mia chache, pengine kilomita moja au zaidi, na nje yake ni vichaka vya nyika. Ndani ya utepe huo mna mikuyu, mikindu, mikwaju, migunga mikubwa na aina ya mpopla ambayo hustawi kwenye michanga mipya iliyoachwa na mto. Mna mbega wekundu wa Tana na kima aina ya mangabei ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, na wote wamo katika hatari ya kutoweka. Lakini msitu huo si wa wanyama tu. Wapokomo, ambao ni wakulima, wamechonga mitumbwi yao humo, wamepata humo asali, dawa, makuti na nguzo, na wamelima migomba na mpunga pembeni mwake kwa kufuata mafuriko. Waorma, ambao ni wafugaji, wameuvuka kwa njia zao za kupeleka ng'ombe mtoni, zinazoitwa malka. Kulikuwa na sheria za wazee, na ugomvi pia ulikuwapo. Hatusemi palikuwa peponi. Tunasema palikuwa na utaratibu ambao ndani yake msitu ulidumu.

Pamba na kuni

Katika miaka ya 1970 ya mwisho ukaanza mradi mkubwa wa kilimo cha umwagiliaji huko Bura, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Zilikusudiwa hekta 6,700, na familia zaidi ya 5,000 zisizo na ardhi ziletwe kutoka pande mbalimbali za Kenya kulima pamba. Hata nusu ya hekta hizo haikufikiwa. Gharama zilipanda, maji yalitegemea pampu za dizeli, pampu zikaharibika mara kwa mara, na kufikia mwaka 1989 kilimo cha pamba kilikuwa kimesimama.

Hadithi ya pamba inajulikana. Inayotuhusu hapa ni ya kuni. Wapangaji wa mradi walijua kwamba ukiweka maelfu ya watu nyikani bila kuwapa nishati ya kupikia, watakata msitu wa mtoni. Hawakukosea katika hilo. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Finland, likaanzishwa shamba la miti ya kuni ili msitu wa asili upone. Kati ya miti iliyopandwa ulikuwamo mmoja wa kutoka Amerika, unaovumilia ukame na chumvi, unaokua upesi, wenye kuni nzuri na maganda matamu ya kulisha mifugo. Jina lake la kitaalamu ni Prosopis juliflora. Kenya wengi wanauita mathenge, na Waturkana etirai. Ulikuwa umekwisha kuletwa mwaka 1973 kwa ajili ya kufunika machimbo karibu na Mombasa, na miaka ile ile ya 1980 ukapandwa Baringo pia.

Msomaji aangalie hapo kwa makini. Mti huo uliletwa ili kuuokoa msitu wa mtoni, na leo ndio unaoukaba msitu huo. Mwanafunzi mmoja, nilipoeleza jambo hili darasani, alisema upesi kwamba basi wataalamu walikuwa na hila. Jibu hilo ni rahisi mno. Ukitafuta mtu mwenye nia mbaya utaacha kuuona muundo wenyewe, ambao hauhitaji nia mbaya ya mtu yeyote. Upungufu wa kuni Bura haukuwa wa maumbile. Uliletwa na mradi. Mradi wenyewe ulipimwa kwa marobota ya pamba ya kuuza, na jiko la mkulima likahesabiwa kuwa jambo la pembeni la kuzibwa kwa mradi mwingine, wenye mfadhili mwingine na taarifa nyingine. Mti ukachaguliwa kwa sifa zilizoonekana kitaluni: unaota, haufi, unakua haraka. Ni sifa hizo hizo zinazoufanya uwe mvamizi. Wapokomo na Waorma, wanaojua ng'ombe hula nini na kinyesi chake huangukia wapi, hawakuwa na kiti katika meza iliyouchagua.

Jinsi ulivyoenea nako kunafundisha. Ganda la mathenge ni tamu, ng'ombe na mbuzi hulifuata, na mbegu ngumu hupita tumboni bila kuharibika na kutoka pamoja na samadi. Kwa hiyo kila mnyama huwa mpanzi. Mafuriko nayo huyabeba maganda na kuyatua kwenye matope, kitalu bora kuliko chochote. Pamba ilipokufa, mashamba yaliyosawazishwa yakabaki wazi, mifereji ikabaki na unyevu, mifugo ikaingia kula mabua. Mathenge ikafuata mifereji, ikafuata barabara, ikafuata njia za malka hadi ukingoni mwa mto. Mahali palipokwisha kufunga kabisa, miiba yake hupasua matairi na kujeruhi kwato, nyasi haziti chini yake, na mfugaji aliyekuwa akifika mtoni kwa nusu saa hulazimika kuzunguka. Huko Baringo wananchi walifika Mahakama Kuu mwaka 2006 wakiishtaki serikali kwa kuuleta mti huo, na wakaja Nairobi na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Watu wa mjini walicheka. Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari. Kutoka kitaluni hadi kwenye orodha ya magugu, robo karne.

Dawa mbili zinazosifiwa

Katika mjadala wa leo wapo wanaosema adui ni mmea, basi ung'olewe wote. Wapo pia wanaosema mmea ni mali, basi tuutumie mpaka uishe: mkaa, nguzo, maganda ya kusaga kwa chakula cha mifugo. Kambi ya kwanza tuipite kwa haraka, maana aliyewahi kushika sururu anajua. Mathenge ikikatwa juu ya ardhi huchipua mashina mengi mahali pa moja. Ni lazima kuchimba na kukata chini ya shingo ya mzizi, na baada ya hapo kurudi kila msimu kung'oa miche, kwa sababu mbegu zilizolala udongoni huota kwa miaka. Kikosi cha siku moja, chenye fulana na mgeni rasmi, hupogoa tu. Huko Afrika Kusini, ambako tangu 1995 serikali imeendesha mpango mkubwa wa kuajiri wasio na kazi kuondoa miti ya kigeni mabondeni, jambo lililodhihirika ni kwamba kukata ndiyo sehemu nyepesi. Kazi imo katika kurudi.

Kambi ya pili inastahili uchambuzi mrefu zaidi, kwa kuwa inavutia na inasema lugha ya maendeleo. Ni kweli mkaa wa mathenge ni mzuri, na ni kweli familia nyingi zimepata ada za shule kutokana nao. Hakuna haki ya kumwambia mwanamke wa Bura aache. Lakini ukitazama nani anapata nini, picha inabadilika. Mchoma mkaa huchagua shina nene, kwa sababu lina faida. Kichaka chembamba chenye miiba, ambacho ndicho kinachofunga malka, hukiacha. Kisiki hukiacha pia, kwa sababu kisiki ni mkaa wa mwaka kesho. Mnunuzi mwenye lori, ambaye ndiye anayebaki na sehemu nono ya bei, hana sababu hata moja ya kutaka mali ghafi yake iishe. Zaidi ya hayo, chini ya jina la mkaa wa mathenge ni rahisi kupitisha gunia la mkaa wa mgunga, maana likishachomwa nani atalitambua barabarani? Soko likiachiwa kazi ya kuuondoa mmea, litaufuga. Matumizi yanaweza kulipia gharama za kung'oa pale tu jumuiya inapopanga ni eneo gani lifyekwe hadi mzizi, kwa zamu gani, na fedha zirudi wapi. Bila mpango huo ni biashara ya mkaa tu.

Ipo na njia ya tatu, ya wadudu. Afrika Kusini ilianza mwaka 1987 kuachia mbawakavu wanaokula mbegu za jamii hii ya miti. Ziwa Victoria tuna uzoefu wetu: magugu maji yaliyotanda miaka ya 1990 yalipungua sana baada ya mbawakavu wa jenasi Neochetina kuzalishwa na kuachiwa na nchi zote tatu za ziwa. Lakini magugu hayo hurudi, hasa katika ghuba zinazopokea maji machafu ya miji na udongo wa mashamba, kwani hapo yanakuta karamu imeandaliwa. Mdudu humdhoofisha mvamizi. Karamu yenyewe anaiondoa nani?

Swali hilo linatupeleka kwenye mto wenyewe.

Mafuriko

Msitu wa Tana umejengwa na mafuriko. Mto unapofurika hutua tope jipya, hujaza maji ya ardhini chini ya ukingo, na unapohama mkondo huacha michanga mitupu ambamo mpopla na miti mingine huanza maisha. Miti mikubwa tunayoiona leo iliota katika mafuriko ya zamani. Tangu mwaka 1968, lilipokamilika bwawa la Kindaruma, hadi Kiambere mwaka 1988, mabwawa matano ya umeme yalijengwa katika sehemu ya juu ya mto. Kubwa kuliko yote, Masinga, lilianza kujazwa mwaka 1981, yaani miaka ile ile mathenge ilipokuwa ikipandwa Bura. Mabwawa hayo hushika sehemu ya mafuriko na sehemu ya tope. Mafuriko makubwa kama ya 1997, 2018 na 2024 bado hupita, na hupita kwa madhara. Yaliyopungua ni yale ya kawaida, ya msimu, ambayo mkulima alipanda mpunga juu yake na mkuyu mchanga ulinywa kwayo.

Hapa ndipo mambo mawili yaliyotengwa katika taarifa mbili yanapokutana. Mche wa mkuyu unahitaji unyevu wa juu katika miaka yake ya kwanza. Mathenge hupeleka mzizi chini upesi na kufuata maji popote yalipo, na katika jangwa la Amerika mizizi ya jamii yake imekutwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi. Kwa hiyo mto usiofurika kwa wakati wake unamnyima mwenyeji na kumpendelea mgeni. Ukipanda mikuyu 10,000 kwenye ukingo ulionyimwa mafuriko, umepanda takwimu. Na umeme wa mabwawa yale haukuwaka kwanza katika vijiji vya Wapokomo, uliwaka Nairobi na viwandani. Hatusemi umeme haukuhitajika. Tunasema kwamba gharama ya umeme ilihamishiwa kwenye msitu na watu wa chini ya mto, kisha watu hao hao wakaambiwa wao ndio waharibifu wa mazingira. Mabwawa yana milango. Kuachia maji kwa kufuata msimu, ili mafuriko ya kadiri yafike chini, ni jambo la ratiba na la mapato ya umeme, na ratiba hiyo ni ya kujadiliwa hadharani. Bwana misitu wa wilaya hana funguo za mlango huo. Kwa sababu hiyo hupenda kuzungumzia miche, na mimi sitamlaumu sana.

Ardhi nayo ilikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1976 sehemu ya msitu ilitangazwa kuwa hifadhi ya wale mbega na mangabei. Mwaka 1996 ukaja mradi wa fedha za kimataifa za mazingira uliotaka, pamoja na mengine, kuwahamisha wakazi, na ukafungwa mwaka 2001 bila kutimiza makusudi yake. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi ile haikuwa imeanzishwa kwa kufuata sheria. Miaka 30 ya hifadhi ikawa haina msingi, na kuaminiana kumekufa. Mtu aliyeitwa mvamizi katika ardhi ya babu yake hawezi kuitwa kesho kuja bure kung'oa mmea vamizi. Atauliza ni nani kati yao anayekusudiwa.

Wapo wanaojibu kwamba basi jumuiya iachiwe tu. Neno jumuiya nalo lichambuliwe. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya Tana, katika mapigano kati ya Wapokomo na Waorma. Siasa za uchaguzi zilikuwamo, lakini ardhi na njia za maji zilikuwamo pia. Ukingo ukipandwa miti bila kuacha malka, mfugaji atauona msitu mpya kama ua aliojengewa. Malka ikiachwa bila makubaliano, mkulima ataona shamba lake linakanyagwa. Kwa hiyo ramani ya malka hutangulia kitalu, na ramani hiyo huchorwa na pande zote mbili zikiwa zimekaa pamoja, wakiwamo wanawake wanaoteka maji na kusenya kuni, ambao kwa kawaida huitwa kikao kikishamalizika.

Na sisi?

Turudi nyumbani. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Ni sheria njema. Lakini tazama inavyotekelezwa: humwangukia kwanza mwenye bustani ya mchicha, maana yeye anaonekana na hana wakili. Tumeona Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kila kiangazi tangu mwaka 1993. Wafugaji wakanyoshewa kidole, na mwaka 2006 na 2007 wakaondolewa na ng'ombe wao. Mto ukaendelea kukauka, kwa sababu maji yaliyokuwa yakichepushwa kwenda mashambani yaliendelea kuchepushwa. Hukumu ilimpata aliyekuwa rahisi kumwondoa.

Tuna pia somo la Amani, Usambara Mashariki, ambako msizi ulipandwa na kisha ukaingia wenyewe ndani ya msitu wa asili. Msizi ni mti wa Afrika, na kwao ni pamoja na pande za Ziwa Victoria. Kwa hiyo hata kauli ya "tupande miti yetu" haitoshi. Mti wa Tanzania si lazima uwe mti wa bonde hili.

Na mathenge yenyewe haiko ng'ambo tena. Imekwisha kuingia katika tambarare za chini ya Kilimanjaro, upande wa Kahe na Mwanga, ambako wenyeji huiita mrashia. Pale Kahe ipo mabaki ya msitu unaoishi kwa maji ya ardhini, na ipo mito ya Kikuletwa na Ruvu inayoingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kuna mifugo, kuna mifereji, kuna mashamba yanayolimwa mwaka huu na kuachwa mwaka ujao. Kila kilichokuwako Bura kiko pale, isipokuwa ile miaka 40. Mche wa msimu mmoja hung'olewa kwa mkono na mtoto wa shule baada ya mvua. Wa miaka mitatu unataka sururu na nusu saa ya mtu mzima. Kichaka cha miaka kumi kinataka mtambo, na mtambo unataka mkopo. Kijiji kinachotaka kuanza sasa hakihitaji kusubiri mfadhili. Kinahitaji mkutano wa kukubaliana maganda yasilishwe bila kusagwa, mifugo iliyotoka katika vichaka hivyo isipelekwe moja kwa moja ukingoni, kila kitongoji kipewe kipande cha ukingo cha kurudiarudia, na malka ziwekewe alama. Miche ya mkuyu inaweza kuja baadaye, tena kwa vipande vya matawi vinavyochomekwa kwenye tope mto ukishashuka, kazi isiyohitaji kitalu wala bajeti. Haitaonekana katika takwimu za miche ya wilaya, na katibu atakayeiandika taarifa yake atapaswa kueleza kwa nini safu ile ameiacha tupu.